Usawa uko kwenye rejesta: jibu kwa daktari kijana anayetaka ubingwa wa magonjwa ya akili

Swali: "Nimemaliza utarajali na sasa niko wodi ya magonjwa ya ndani. Nataka kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili, halafu nishughulikie usawa: wagonjwa maskini, walio mbali na hospitali, wanaofungwa minyororo nyumbani. Wenzangu wananiambia nitaupoteza udaktari wangu. Na sijui nianze na ubingwa au na shahada ya afya ya jamii. Nianzie wapi?"

Jibu:

Dokta, nianze na swali la mwisho maana ndilo jepesi. Anza na ubingwa. Shahada ya afya ya jamii inaweza kusubiri, nyingi huchukua mwaka 1 au 2, na unaweza kuisoma ukiwa kazini. Ubingwa hausomwi kwa masafa. Tena mtu ambaye hajawahi kupunguza dozi ya mgonjwa na kukaa naye wiki mbili aone matokeo yake, akiingia kwenye kamati ya sera huandika miongozo ambayo muuguzi wa zahanati hawezi kuifuata. Muda wa masomo hutegemea mfumo. Marekani ni miaka 4, Uingereza ni 3 ya msingi na 3 ya juu, na kwenye mfumo wa MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) kwa kawaida ni 3 au 4.

Hilo la kupoteza udaktari ni maneno ya watu ambao hawajawahi kuangalia wagonjwa wa akili wanakufa na nini. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao huuawa na moyo, mapafu, kisukari na maambukizi. Sababu mojawapo ni sisi madaktari. Faili likishaandikwa "mgonjwa wa akili", kila dalili inayofuata inabebeshwa akili. Akilalamika kifua kinambana, anaambiwa ni wasiwasi. Akikonda, anaambiwa hali chakula vizuri kwa sababu ya ugonjwa wake.

Chukua mfano ambao utakutana nao mapema sana. Analetwa mama wa miaka 24, siku 10 baada ya kujifungua, hajalala siku tatu, anazungumza na watu wasioonekana, na ndugu wanasema amepagawa. Saikosisi ya baada ya uzazi (saikosisi ni hali ya mtu kuamini, kuona au kusikia yasiyokuwapo) huanza hasa katika wiki mbili za kwanza, kwa hiyo picha inakubali, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachoma sindano na kumpeleka wodi ya akili. Kabla ya sindano, pima joto, presha, mapigo, kiwango cha oksijeni na sukari. Gusa tumbo, angalia uchafu unaotoka ukeni, kunja shingo yake uone kama imekakamaa. Uliza kuhusu kichwa kuuma na degedege. Halafu fanya kipimo kisichohitaji maabara: mwambie ataje siku za wiki kutoka Jumapili kurudi nyuma. Mwenye saikosisi tupu mara nyingi ataweza, hata kama katikati atakuambia kuwa yeye ni malaika. Mwenye dilirio, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa wa mwili, atapotea baada ya siku mbili, atarudia, atasahau ulichomuuliza. Ukirudi baada ya saa mbili utamkuta mzima kabisa, na usiku ameharibika tena. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo, pamoja na kuona vitu zaidi ya kusikia sauti, kukukumbushe maambukizi ya kizazi, kifafa cha mimba, damu kuganda kwenye mishipa ya ubongo. Mama huyo anaweza kufa wodi ya akili akiwa na homa ambayo hakuna aliyeiandika.

Kwa hiyo usiondoke haraka magonjwa ya ndani. Tumia miezi uliyonayo kujifunza kusoma ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hasa kipindi cha QT, yaani muda moyo unaochukua kujikaza na kujiandaa tena, maana dawa zetu nyingi hukirefusha. Jifunze tezi ya shingo, kisukari, kifafa, kaswende ya ubongo na VVU. Bingwa wa akili anayeogopa stetoskopu ni hatari kwa wagonjwa wake.

Sasa dawa, kwa sababu ndani ya dawa ndimo usawa unamojificha kuliko kwenye hotuba. Dawa ya saikosisi utakayoikuta kila mahali ni haloperidoli. Kwa mtu anayeugua saikosisi mara ya kwanza, anza na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku kwa mdomo, na wengi hawatahitaji kuvuka 10. Utakachokikuta kwenye mafaili ni miligramu 10 mara mbili kwa siku tangu siku ya kwanza, na klopromazini, dawa nyingine ya saikosisi, juu yake. Kinachofuata kinajulikana. Siku ya tatu mgonjwa hakai. Anatembea kutoka kitanda hadi mlango, anahamisha uzito mguu huu hadi ule, akilazwa anarusha miguu. Muuguzi anaandika "ana fujo zaidi", daktari wa zamu anaongeza dozi, na mateso yanaongezeka. Hiyo ni akathisia, na inasababishwa na dawa yenyewe. Swali la kuitofautisha na fujo ni moja: "Kinachokunyima kukaa ni mawazo, au ni miguu yenyewe?" Akisema miguu, punguza dozi. Ukihitaji msaada ongeza propranololi miligramu 10 hadi 20 mara mbili au tatu kwa siku, ukiwa umeuliza kwanza kuhusu pumu na kupima mapigo. Akathisia isiyotambuliwa huwasukuma watu kuacha dawa, na wengine kutaka kujiua. Shingo kupinda au macho kuganda yakitazama juu, hasa kwa vijana wa kiume katika siku za mwanzo, ni jambo jingine na linatulia haraka kwa sindano ya biperideni au prometazini. Na mgonjwa aliyekakamaa mwili mzima, ana homa, anatoka jasho na mapigo yanapanda: simamisha dawa zote za saikosisi, mpe maji, mpoze mwili, mpeleke chumba cha uangalizi maalumu. Hapo hakuna cha kusubiri asubuhi.

Nani hupewa dozi kubwa? Jiulize kila unapofungua faili. Uingereza watu weusi wanalazwa kwa nguvu ya sheria zaidi ya mara 3 ya weupe. Marekani tafiti za miongo kadhaa zimeonyesha kwamba mgonjwa mweusi huandikiwa skizofrenia (saikosisi ya muda mrefu) mara nyingi zaidi, na mweupe mwenye dalili zinazofanana huandikiwa ugonjwa wa hisia. Kosa hilo lina mlolongo wake: utambuzi ukiwa skizofrenia, dawa ya sonona au ya kutuliza hisia haitolewi, mgonjwa hapati nafuu, anaonekana sugu, dozi inapanda. Kinga yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Uliza dalili za hisia kwa kila mwenye saikosisi, moja baada ya nyingine, hata kama jibu unaona unalo: usingizi, nguvu, kasi ya mawazo, matumizi ya pesa, hatia, hamu ya kuishi. Ziandike na tarehe zilipoanza kulinganisha na sauti.

Kuna mfano mmoja nataka uushike, kwa sababu unaonyesha ubaguzi usio na mbaguzi. Klozapini ndiyo dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko zote kwa skizofrenia sugu, yaani ile ambayo dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na si chini ya wiki 6, zimeshindwa. Hao ni takriban theluthi moja ya wenye skizofrenia. Lakini klozapini inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo mgonjwa hupimwa neutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo, kila wiki kwa miezi ya mwanzo, na kwa kawaida dawa haianzishwi kama ziko chini ya 1,500 kwa maikrolita. Namba hiyo ilitoka kwenye damu za nani? Hasa za watu wenye asili ya Ulaya. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, na baadhi ya Mashariki ya Kati, wamezaliwa na hali ya damu iitwayo Duffy-null, ileile inayowakinga na malaria ya vivax. Neutrofili zao huonekana chache kwenye kipimo cha damu, lakini kinga yao ni nzima. Kwa miaka mingi wagonjwa hao walinyimwa klozapini, au walisimamishiwa ikiwa inawasaidia, kwa sababu ya mstari uliochorwa bila wao. Mwaka 2015 Marekani ilibadili mwongozo wake na kuruhusu wenye hali hiyo kuanza kwenye 1,000. Hakuna daktari aliyekusudia ubaya hapo. Namba ilifanya kazi yenyewe. Kwa hiyo, mgonjwa akija na neutrofili 1,300, usiandike tu "hafai". Tafuta vipimo vyake vya zamani, rudia damu mara mbili au tatu, uliza kama ana historia ya maambukizi ya mara kwa mara, kisha zungumza na daktari wa damu. Na ukishaanzisha, uliza kuhusu choo kila anapokuja. Wengi wanakodolea macho chembe nyeupe wakasahau kwamba klozapini huua pia kwa kufunga utumbo.

Lithiamu nayo ni hivyohivyo. Kwa ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, haijapata mpinzani wa kweli, na hupunguza vifo vya kujiua. Lakini kiwango chake kwenye damu kinatakiwa kuwa kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita kwa wengi, damu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho, figo na tezi zipimwe kila miezi 6. Kuharisha, jasho jingi au vidonge vya ibuprofeni vinaweza kuipandisha hadi sumu. Pasipo maabara, haianzishwi. Matokeo yake mgonjwa wa mbali anapewa valproeti. Akiwa msichana wa miaka 19, akapata mimba, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kwa hiyo mashine ya kupimia lithiamu ni suala la haki kuliko makongamano mengi ninayoyajua. Ukipata nafasi ya kuomba kifaa kimoja, omba hicho.

Lugha. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mama yake, wala mume kuwa mkalimani wa mke, hasa unapouliza kuhusu kipigo au kujiua. Na usitafsiri dodoso neno kwa neno. Zimbabwe, Dixon Chibanda na wenzake walipoanzisha Friendship Bench mwaka 2006 walitumia neno ambalo watu wenyewe wanalo kwa Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, pamoja na dodoso la maswali 14 lililotengenezwa hapohapo. Wahudumu wa afya wasio na shahada, wengi wao bibi watu wazima, walifundishwa mazungumzo ya kutatua matatizo kwa vikao 6 kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio lao katika kliniki 24 za Harare, watu 573, lilichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6 wastani wa alama za dalili ulikuwa 3.81 kwa waliokaa benchi, na 8.90 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Watu husikia habari hiyo wakaondoka na somo la nusu: kwamba ukiwafundisha wahudumu wiki moja, kazi imekwisha. Mipango mingi ya kugawa kazi kwa wahudumu wa chini hufia kwenye usimamizi. Mafunzo yanafanyika, vyeti vinatolewa, baada ya miezi 6 muuguzi aliyefundishwa amehamishiwa wodi ya wazazi, flufenazini, sindano ya saikosisi, imekwisha stoo, na rufaa alizoandika hazikujibiwa hata moja. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kuwasaidia wahudumu wasio mabingwa kutibu magonjwa ya akili, uliotoka mwaka 2010 na kurekebishwa 2016, ni mzuri na usome wote kabla ya kuomba shule. Lakini karatasi haimsimamii mtu. Ukija kuendesha mpango, panga simu ya usimamizi ya saa moja kila wiki mbili kabla hujapanga mafunzo, fundisha watu wawili kila kituo ili mmoja akihamishwa abaki mwingine, na kila rufaa ijibiwe kwa maandishi, hata mstari mmoja.

Sasa zoezi, ambalo unaweza kulifanya mwezi huu hapohapo ulipo. Omba ruhusa ya mkuu wa kitengo, uchukue rejesta ya kliniki ya akili ya miezi 3, usinakili majina. Hesabu wapya na marudio, wanawake na wanaume, umri, umbali wanakotoka, utambuzi, dawa, na mwisho wale waliokuja mara moja wasirudi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye habari, na hakuna anayeijaza. Tuseme wapya walikuwa 80 na wasiorudi ni 34. Watafute kwa simu kupitia utaratibu wa kliniki, uulize bila kulaumu. Jibu la kawaida si kwamba hawaamini dawa. Ni kwamba walipewa dawa ya wiki 2, na nauli ya kurudi ni kubwa kuliko thamani ya dawa yenyewe. Hapo kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za kutosha miezi 2 nako ni tiba. Ila angalia: kwa mwenye mawazo ya kujiua, furushi la miezi 2 la amitriptilini, dawa ya sonona, ni hatari, kwa hiyo mpe kidogo au ndugu ndiye aitunze. Uliza wazi, "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Kisha tazama nani hayumo kabisa kwenye rejesta. Wazee wako wapi? Watoto? Wasichana wenye sonona? Mara nyingi kliniki imejaa vijana wa kiume waliofanya fujo, kwa sababu fujo ndiyo tiketi ya kufikishwa hospitali. Aliyenyamaza kwenye kona ya chumba hana tiketi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, asilimia 71 ya wenye saikosisi duniani hawapati huduma yoyote ya afya ya akili, na hiyo ni saikosisi, inayoonekana. Sonona ya kimya fikiria mwenyewe.

Kuhusu minyororo. Ukifika nyumbani kwa aliyefungwa usianze na hasira wala polisi. Uliza familia: anafungwa lini, akifunguliwa hutokea nini, nani anamwangalia usiku? Utasikia kwamba alichoma nyumba, au alipotea siku nne, na dawa hawajaziona tangu mwaka juzi. Safisha vidonda vya vifundo, uliza chanjo ya pepopunda, pima uzito, anza dawa siku hiyohiyo. Kubalianeni saa za kufunguliwa mchana zikiongezeka kadiri anavyotulia, na urudi siku ya 3 au ya 4, maana usiporudi wewe, mnyororo utarudi. Sindano ya kila mwezi husaidia hapa, ukianza na dozi ndogo ya majaribio. Ukumbuke pia kwamba hata hospitali zetu hufunga watu. Kila anayefungwa au kuchomwa dawa ya kutuliza aandikwe kwenye daftari: saa, sababu, nani aliamua, alifunguliwa lini. Asilazwe kifudifudi, na baada ya sindano apimwe pumzi na mapigo kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Idadi hupungua mara tu watu wanapolazimika kuandika.

Kuchagua pa kusomea: usidanganywe na ukubwa wa jengo. Zungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili, si wa kwanza ambao bado wana shauku, na waulize: mnakaa na msimamizi saa moja kila wiki kweli, au ni ya kwenye karatasi? Miezi mingapi ya watoto, ya uraibu, ya wazee, ya mishipa ya fahamu, ya magereza? Mnasimamiwa mgonjwa wa tiba ya mazungumzo kuanzia mwanzo hadi mwisho? Tiba ya umeme inafanywa kwa nusukaputi? Mgonjwa akijiua, mwanafunzi anafanyiwa nini? Hilo la mwisho ulizingatie, kwa sababu ukifanya kazi hii muda wa kutosha litakupata, na mahali ambapo jibu ni kikao cha kutafuta mchawi hapafai kujifunzia.

Kwenye barua ya maombi wengi huandika kwamba wana huruma na wanapenda kusikiliza watu. Waandishi wa barua nyingine 60 nao wameandika hivyo. Weka ile hesabu ya rejesta: wapya wangapi, wasiorudi wangapi, ulipowauliza walisema nini, kliniki ilibadili nini, na miezi 3 baadaye idadi ikawa ngapi, hata kama haikushuka. Isiposhuka, andika unadhani kwa nini. Wasaili watakaa kwenye mstari huo kuliko kwenye vyeti vyote.